Tatu na Kipande

Siku ya kwanza niliwaambia waandike, bila majina,
hisabati ni nini.
Mmoja aliandika: ni viboko.
Mwingine: ni ya watoto wa daktari.
Wa tatu hakuandika neno, alichora mlango
na kitasa kilichowekwa juu mno.
Niliujua mkono ule. Khavere, dawati la nyuma,
aliyekwisha kuniambia, kwa utulivu wa mtu anayetaja ukoo wake:
"Mwalimu, kwetu hatuna kichwa cha hesabu."

Jumanne niliiacha chaki ofisini.
Leteni, nilisema, chochote cha mviringo.
Vikaja vifuniko vya sufuria vyenye masizi,
sahani ya bati, ungo wa nyanya yake Kisia,
kizibo cha soda.
Adagala alikuja na chapati,
tukamwapisha isiliwe kabla ya kipindi kwisha.
Khavere alisukuma ringi ya baiskeli
kutoka kibanda cha baba yake, sokoni Mbale.

Kamba kuzunguka. Kamba kukatiza katikati.
Ile fupi inaingia mara ngapi katika ile ndefu?
Sahani: tatu, na kipande.
Ungo: tatu, na kipande.
Kizibo, kwa uzi uliochomolewa kwenye sweta:
tatu, na kipande kisichoshikika.
Chapati: tatu, na kipande, na mafuta kwenye kamba.

"Kamba inadanganya," Khavere akasema.

Sikumjibu.
Kunyamaza nilikujua nimechelewa,
baada ya miaka tisa ya kujibu upesi.
Akapiga magoti kwenye saruji, akapima upya,
akaipindua ringi, akaanzia pengine,
kama anayesaka mwizi nyumba kwa nyumba.
Tatu.
Na kipande kilekile, urefu wa kidole chake cha kati.

Akacheka, lakini kwa hasira,
kama mtu aliyefichwa mali yake mwenyewe.
"Baba anaijua hii!
Akikata utepe wa kuvika ringi
huhesabu spoki sita, halafu anaongeza kidole.
Na kila siku husema hajui hesabu."

Kengele. Chapati ikagawanywa,
na ugomvi wa sehemu sawa ukatupeleka hadi mapumziko.

Mtihani ni Alhamisi. Huenda akaanguka.
Ile karatasi ya mlango ingali kwenye droo yangu.
Ila jioni nilimwona akiteremka barabarani, manyunyu yakianza,
akiisukuma ringi, akihesabu mizunguko kwa sauti,
akielekea kwa baba
ambaye hakujua bado kwamba ana swali la kujibu.