Nukta ya Arobaini na Moja

Nukta arobaini zimetulia kwenye mstari
kama shanga katika uzi.
Ya arobaini na moja imeruka pembeni.

"Tramu hiyo," asema Profesa Kelemen, koti hajalivua.
"Hupita saa kumi na dakika tano, ikatikisa mizani."

Piroska akarudi Jumapili, reli imefungwa,
Debrecen nzima imefunikwa theluji.
Akapima.
Nukta ikaruka palepale.

"Basi ni kengele za kanisa."
Akangoja zinyamaze.
"Basi unyevu. Basi mkono wako, binti, umechoka."

Nadharia ni mdaiwa mjanja:
ukibisha hodi, hutuma watoto mlangoni
waseme hayupo.

Usiku, soksi zake zikikauka juu ya jiko,
linamjia swali ambalo hakulitaka:
na zile arobaini, nani alizihoji?
Zilipokubali,
hakuna aliyeuliza tramu ilikuwa wapi.

Anachonga penseli.
Nukta haifuti, wala hachori mstari mpya.
Anaandika kando tarehe, saa, joto la chumba,
na jina lake lote, Szatmári Piroska,
ili wakitafuta wa kulaumu
wajue pa kuanzia.