Daftari la Pampu

Ami Haroub ana kiti cha plastiki, simu yenye ufa,
na daftari alilonunua Ibra sokoni kwa baisa mia mbili.
Kazi yake ni moja: kuiangalia alama nyekundu
iliyopakwa kwenye ukuta wa falaji.
Maji yakiwa juu ya alama, hana kazi.
Yakiigusa, huwasha pampu ya kisima.
Huiwasha kidogo tu, huku akihesabu kwa Kiswahili cha Wete.
"Nikizidisha," asema, "kisima kitanidai."

Nimekuja kwake wiki mbili, nimeikimbia tasnifu.
Mwaka wa tatu huu nahangaika na uso
unaotetemeka kila mahali, kila nukta ya saa:
joto linataka kusambaa na kutulia,
nasibu inalichafua kabla halijatulia.
Mteremko wake haupimiki. Hauna.
Weka rula popote, chini ya rula pana mikunjo,
na ndani ya mikunjo, mikunjo.
Chini ya yote kuna kizuizi,
sakafu isiyosema ila neno moja:
usipite.

Daktari Thuwaiba, msimamizi wangu, alinipa njia ya faini.
Uache uso uzame, alisema,
kisha uutoze kwa kila kina ulichozama.
Pandisha faini mara kumi. Mara elfu.
Ipandishe hadi kuzama kusilipike.
Huko kikomoni hakuna tena anayezama,
lakini risiti zimebaki.
Zimerundikana wapi? Zina uzito gani?
Niliandika kurasa arobaini,
na kila ukurasa ulivuja mahali.

Jumanne usiku ami alisahau daftari juu ya friji.
Nililifungua kwa umbea tu.
Tarehe. Kimo cha maji juu ya alama. Dakika za pampu.
Sifuri, sifuri, sifuri,
dakika nne,
sifuri,
sifuri (hapa wadi ilishuka, kaandika pembeni: *alhamdulillahi, nimelala*),
sifuri,
dakika kumi na moja,
sifuri.

Nikasoma hadi adhana ya alfajiri.
Palipo na nafasi kati ya maji na alama, mkono wake ni sifuri.
Pale mkono wake si sifuri, nafasi ndiyo sifuri.
Zidisha safu hizo mbili, mstari kwa mstari,
jumlisha miaka tisa:
hupati kitu.
Nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu.
Sentensi hiyo nilishaiandika mara mia kwa herufi za Kigiriki,
sikuwahi kuiamini hata mara moja.

Niseme kweli, sijathibitisha lolote.
Daftari si thibitisho, na falaji haina kelele kama zangu.
Ila nilikuwa nikitafuta jawabu moja
na jawabu ni jozi:
uso, na aliyeusukuma.
Anayeusoma uso peke yake
atadhani maji yaliamua yenyewe kutoshuka.

Mwaka aliofariki baba, mama alinipigia simu mara tatu.
Mara tatu, mwaka mzima! Nilimnunia.
Nilizikumbuka pale jikoni, nikatafuta tarehe.
Ya kwanza, siku niliyofungasha vitabu nirudi nyumbani.
Ya pili sitaisema.
Ya tatu aliuliza tu kama nimekula,
na sikuwa nimekula tangu juzi yake.
Nani alimchorea alama, sijui.

Asubuhi ami aliona doa la kahawa kwenye ukurasa wa Machi.
Akanitazama, akalifuta kwa kiganja, likatanuka.
Tukashuka wote falajini.
Maji yalikuwa vidole viwili juu ya rangi nyekundu,
yakitetemeka.
Akakaa. Akaandika sifuri,
akaupulizia wino ukauke.