Hatua Ishirini kwa Kumi

Kiwanda cha minofu kilipopunguza zamu
nilikodi kipande huku Luchelele,
hatua ishirini kwa kumi, zangu,
maana Nkwimba alipopima kwa zake
tulipata shamba kubwa zaidi
na tukakubaliana kufuata hesabu yake.

Siku ya kwanza tulilima mawe.
Mwanza ni Mwanza: ukichimba unakuta jiwe,
na chini ya jiwe, mama yake jiwe.
Masalu, miaka mitatu, aliyapanga kwa ukoo,
baba, bibi, kitoto kichanga,
akanikataza kuyatupa.
Ndiyo maana tuta letu la kwanza limepinda:
linapisha familia ya watu.

Nilikuwa na mpango, niliuchora nyuma ya kalenda:
nyanya huku, mchicha kule, bamia pembeni.
Mpango haukuwa na mtu
anayemwagilia mche mmoja tu,
huohuo, asubuhi na jioni,
eti kwa sababu ulimtazama.
Haukuwa na Nkwimba, anayeng'oa maharage
kila siku kuona kama yameshatoa mizizi,
kisha anayarudisha, anayapigapiga udongo,
anayaambia: haya, laleni.

Bi Nyanjige wa kipande jirani
ana matuta yaliyonyooka kama kamba ya kuanikia.
Alitutazama wiki mbili bila neno.
Ya tatu akaleta marando ya viazi, fungu zima.
"Haya hata ukiyapanda kichwa chini yanaota."
Zawadi au tusi? Nadhani yote mawili.
Niliyapanda. Yaliota.

Tulivuta gugumaji kutoka ufukweni,
hilo linalolaaniwa na kila mwenye mtumbwi,
tukaliacha likauke, tukaifunika nyanya miguu.
Masalu akaliinamia: umechoka kuogelea?

Yeye akapanda dagaa.
Mmoja, aliyemficha mfukoni tangu mchana,
akamwekea kijiti ili asimsahau.
Paka wa Bi Nyanjige naye hakumsahau.
Tulikaa matanga nusu saa.

Halafu akaja kiboko.
Usiku, kutoka matetini, bila haraka,
akala mchicha safu zote tatu,
akapita juu ya maharage yaliyolala,
akaacha samadi kama mtu anayelipa kodi.
Asubuhi nilisimama na jembe begani
nikihesabu mbegu, nauli, siku za mgongo,
nikasema neno
ambalo Nkwimba alikwenda kulifundisha chekechea.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha alfajiri
na kila unyayo ulikuwa beseni,
vidole vinne, maji mpaka ukingoni.
Nkwimba akachuchumaa.
"Mama, ametuchimbia mashimo."
Alisubiri siku mbili udongo unywe,
akatia mbegu za maboga, mbilimbili,
"moja ikifa, nyingine iilie."

Sasa ni Aprili. Nyanya zilizoiva ni nne.
Tatu ziliishia njiani, haijulikani kwa nani.
Nyumbani mchicha hawaugusi;
hapa wanautafuna mbichi, na mchanga wake,
wamechutama kama mbuzi wawili wenye siri.

Miaka sita mikono yangu ilinuka sangara.
Ndimu, majivu, sabuni ya mche, vyote vilishindwa.
Juzi usiku umeme ulikatika,
Masalu akaipapasa gizani, akainusa, akauliza:
"Mama yuko wapi?"
Ni mimi, nikamwambia.
Akanusa tena, akafikiri.
"Unanukia viazi," akasema,
akalala juu ya mkono wangu mpaka ukafa ganzi
nami sikuuondoa.

Maboga yameota.
Yanafuata nyayo za yule mgeni,
shimo baada ya shimo, kutoka matetini
mpaka kwenye ukoo wa mawe.
Bi Nyanjige alikuja kuangalia, mikono kiunoni,
akafumba jicho moja kama fundi.
Ndiyo safu pekee iliyonyooka
shambani mwetu.