Nambari Mia Mbili na Kumi na Mbili

Orodha niliichapa mimi, kwa taipureta ya Wizara,
karatasi kumi na moja, nakala tatu za kaboni,
na Mhandisi Froilán Quenta amesimama nyuma yangu
akitafuna jani la koka.
"Panga kwa idadi ya watu," alisema. "Majina yasikushughulishe."

Alianzia chini, kwenye mitaro ya Oruro,
kijana wa kushika tochi wenzake wakiunga waya.
Akapanda. Miaka ile kupanda kulikuwa kupanda kweli:
betri mgongoni mwa lama, mnara vipande vipande,
pumzi ikikwaruza kama msumeno,
vidole vikigandia spana.
Usiku upepo ulipiga mluzi mnarani, wenzake wakajifunika gubigubi.
Yeye alikuwa akiuliza: "Boliti gani hiyo?"

Kisha tai. Kisha zulia. Kisha Mkurugenzi Mkuu,
mlango wenye jina lake na foleni ya wenye bahasha.
Bahasha alizirudisha na muhuri juu: IMEPOKEWA KIMAKOSA.
Mawaziri saba walipita, yeye akabaki
kama mlingoti bendera inapobadilishwa.

Chullpani, alikozaliwa, kaya thelathini na nne,
iliangukia nambari mia mbili na kumi na mbili.
Kidole changu kilisita.
"Mkubwa, kosa dogo tu la kuchapa. Nani atajua?"
Alinitazama. "Wewe utajua, Herminia,
na mimi siwezi kukuhamisha."

Tulikuwa tumefika mia moja na tisini
mama yake alipofariki.
Habari ilikuja kwa miguu, mwendo wa siku mbili,
ikaletwa na binamu mwenye kandambili za tairi
hadi mlangoni mwa kikao cha bajeti.
Mhandisi alimaliza ukurasa. Akafunika kalamu.
Koti lake nililikuta kitini jioni,
na nje kulikuwa na baridi ya kupasua mawe.

Hakuniambia kitu alipozikwa. Wala sikuuliza.

Miezi kumi na minne baadaye, Alhamisi, saa nne na robo,
simu ya mezani kwangu ililia.
Laini safi, hata mkwaruzo hamna.
Nikasikia upepo. Mbwa. Mlango wa bati
ukifunguliwa, ukijirudisha wenyewe.
Nikasubiri. Gharama zilikuwa za Serikali
na kwa mara ya kwanza hakuzihesabu.

Kisha sauti yake, ya kazini, kavu:
"Andika, Herminia. Chullpani. Inasikika."

Nikaandika. Nakala tatu.