Mdomo wa Kikombe

Alikileta Jumanne, kimefungwa kwa taulo ya mtoto,
Mama Kerubo, mlinzi wa kabati la madhabahu kule Ziwani,
akakiweka juu ya meza yangu ya bati
katikati ya koleo na majiko yasiyo na miguu.
"Kinavuja," akasema. "Na usikigonge kama sufuria."

Fedha, au kilikuwa fedha. Shina limepinda,
ufa mwembamba kama unywele chini ya bakuli.
Miaka mitatu kimelala kabatini, akanieleza,
tangu ule ugonjwa ulipotufunza kuogopa pumzi ya jirani.
Wakaletewa vikombe vya plastiki, kila mtu na chake,
vidogo kama vya kupimia dawa ya kikohozi,
na kila Jumapili mfuko mzima wa taka
wenye madoa ya divai.
"Tulikunywa pamoja," akasema, "kila mtu peke yake."
Kisha akauliza bei, akakasirika, akaondoka.

Mimi si wa kanisa lao. Si wa kanisa lolote, mke wangu atakwambia.
Lakini chuma nakisoma.
Nikakigeuza juani, nikapitisha kidole gumba mdomoni mwake
(kikombe nacho kina mdomo, Kiswahili hakikukosea),
nikafika mahali palipolika.
Upande mmoja mwembamba kama ganda la kitunguu,
upande wa pili ungali mnene.
Yaani kasisi hakukizungusha vya kutosha.
Yaani mamia walitia midomo palepale,
waliopiga mswaki na wasiopiga,
anayedai kodi na anayedaiwa,
wakinywa divai na fedha kwa pamoja,
chembe isiyoonekana, Jumapili baada ya Jumapili,
wakarudi nayo nyumbani, hawajui.

Kwetu Chwele hapakuwa na kikombe.
Chungu cha busaa katikati, mirija mirefu imekizunguka,
na sharti moja: mwenye kinyongo aseme kabla hajavuta.
Siku ya matanga ya baba nilisema.
Kisembe naye akasema.
Shamba lenyewe ni ekari moja na robo.
Mrija wangu ukabaki umeegemea ukuta, mkavu,
na sisi tulionyonya ziwa moja.

Nikalehemu. Lehemu isiyo na risasi, ile ghali,
maana hiki ni cha kinywa.
Nikanyoosha shina polepole, juu ya gogo, kwa nyundo ya mti.
Lakini kuvuja hakuna shahidi ila maji.
Nikamimina ya mtungi mpaka ukingoni,
nikahesabu hadi mia. Chini pakavu.
Na jua la saa saba pale Kamukunji
halimwulizi mtu dini.
Nikanywa.
Nikampa Shide wa duka la misumari, aliyekuja kudai bawaba zake.
Akachutama kwanza, akasema bismillahi, akanywa.
Akampa Odero, kijana anayejifunza kwangu,
na Odero akafuta mdomo wa kikombe
kwa pindo la shati lenye masizi,
akakizungusha kidogo,
akanywa pale ambapo hapakuwa na mtu,
akafuta tena, akazungusha,
akanirudishia kwa mikono miwili.

Nikamtazama. "Nini, mzee?" akauliza.
Nikamwambia arudi kwenye majiko.

Ijumaa Mama Kerubo akaja na chupa ya maji yake mwenyewe.
Akamimina, akachungulia, akapapasa.
"Hapa palipolika hukujaza."
Naweza, nikamwambia, mia nane zaidi.
Kidole chake kikakaa pale muda mrefu,
kama muuguzi anayetafuta mshipa.
"Paache," akasema. "Mama yangu yupo hapo."
Akalipa pungufu ya tulivyoagana,
akakivisha taulo, akashika njia.

Habari ya maji sikumwambia.
Jioni nilikaa juu ya gogo, simu mkononi,
jina la Kisembe kwenye kioo,
na ulimini ladha ya fedha
ambayo hata chai haikuiondoa.