Kumbukumbu za Kikao cha Kusa

Nililipwa elfu mbili na chai
nitafsiri Kijaluo kwa Kiswahili, Kiswahili kwa Kijaluo,
bila kuongeza chumvi.
Hoja ilikuwa moja: ipigwe marufuku au isipigwe
kazi mpya ya kutafuta mafuta chini ya ziwa.

Neno la kwanza likanikwama kooni.
Mafuta. Kwetu ni mo.
Mo ya kukaangia ngege,
mo ya taa niliyosomea hadi darasa la nane
pua ikijaa masizi,
mo aliyopakwa mwanangu siku ya kutolewa nje,
goti likang'aa kama kokoto iliyolowa.
Mtaalamu alimaanisha ipi?
Nikasema mo, nikaendelea.
Kila mtu akainua kichwa na ya kwake.

Mhandisi Wafubwa alikuja na ramani ya plastiki.
Ziwa lilikuwa limegawanywa vyumba vyumba
kama nyumba za kupanga Nyalenda,
kila chumba na nambari, hakuna dirisha.
"Kutafuta si kuchimba," akasema.
"Tunapiga mitetemo, tunasikiliza mwangwi, tunaondoka."
Rispa Nyangweso, muuza mgongo wazi
(minofu ilishapanda ndege, yeye hukaanga kilichobaki),
hakungoja nimalize:
"Anayepapasa bandani mwangu usiku, ati anahesabu kuku,
kwake nyumbani sufuria iko wapi?"
Ukumbi ukacheka. Kiswahili changu
kilifika kimechelewa, kicheko kimeshapoa;
Wafubwa akakipata peke yake,
akautabasamia ukuta.

Kisha Oracha, fundi wa kuchomelea,
macho mekundu kwa moto wa kazi:
"Ziwa ni urithi, ziwa ni urithi!
Tangu nizaliwe nimerithi gugumaji na kipindupindu.
Nimewachomelea watu wa Milimani mageti
ya kunizuia mimi mwenyewe nisiingie.
Hawa wanaotaka marufuku wamekuja na magari matatu.
Yanakunywa uji?
Mkifunga mlango huu nionyesheni mwingine.
Na mimi nile nini?"

Nilitafsiri neno kwa neno
mpaka sauti yangu ikaanza kukwaruza kama yake,
na mwenyekiti akanitazama juu ya miwani:
Mkalimani, tafadhali.

Saa nane Rispa akasimama tena,
akaikamata maikrofoni kama anavyokamata samaki.
"Weuru," akaanza.
Acheni, nikasema kwenye spika,
na hapo jenereta likakohoa
mara mbili, likakata roho.

Petroli imekwisha.
Kijana akatumwa sokoni na dumu la lita tano.
Rispa hakumngoja. Aliendelea kusema,
mkono ukielekea ziwani, kisha kwa Oracha, kisha ziwani,
mvua ya ghafla ikitwanga bati,
nami niliyelipwa kusikia
nikaona midomo tu.

Acheni nini, Rispa?
Acheni ziwa? Acheni waje?
Acheni kelele, mtoto wa watu ana njaa?
Dumu liliporudi alikuwa ameshaketi.
Alipoombwa arudie alisema: nimeshasema.

Niliandika Acheni.
Nikaacha mistari mitatu mitupu.

Mlangoni alinifungia vipande viwili kwenye gazeti,
nikavipakata juu ya faili.
Kufika Katito mo ilikuwa imepenya gazeti, imepenya faili,
karatasi imekuwa kama kioo chenye ukungu,
na pale chini ya Acheni, katika ile mistari mitupu,
yakajitokeza ya upande wa pili,
yamegeuka kinyumenyume lakini yanasomeka:
na mimi nile nini.

Sikuinakili upya.
Asubuhi niliikabidhi hivyo hivyo,
inanuka samaki.