Kipi Kitatangulia

Endel amekuja na miwani ya kusomea
na lenzi ya marehemu mama yake, ile ya kutazamia stempu.
Mimi nimekuja na masikio tu.

Duka la magari la Võru lina sakafu inayong'aa kama sahani ya mgeni.
Nje, theluji ya Machi imechanganyika na chumvi, imekuwa uji mchafu,
uji uleule uliolila gari letu la zamani kuanzia chini,
taratibu, bila kelele,
mpaka siku moja nikaiona barabara ikipita kati ya miguu yangu,
nami niko njiani kwenda kurekebisha piano ya shule huko Rõuge.

Yako mawili. Jekundu: dhamana miaka mitatu,
uende utakako, hata mwezini.
La kijivu: miaka saba
au kilomita laki moja na nusu,
chochote kitakachotangulia,
na bei imepanda euro elfu moja na mia nne.

"Saba!" anasema Kaspar, muuzaji, kijana wa tai nyembamba,
anaitamka kama mtu anayehesabu mbingu.
Endel hajibu. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha maziwa miaka thelathini na minne;
namba kubwa humfanya atafute penseli.

"Mke wangu huenda kilomita elfu thelathini na moja kwa mwaka.
Piano haziji kwetu kwa miguu."
Anagawanya. Anapuliza karatasi.
"Saba yako, kijana, kwake ni minne na miezi kumi.
Saba ni ya kwangu mimi,
ninayekwenda duka la dawa na kurudi."

Hapo nanyamaza.
Sijawahi kuliwaza hilo:
kwamba tunalala kitanda kimoja,
yeye anapimwa kwa miaka, mimi kwa mwendo,
na karatasi moja inatungoja sote wawili
ione kipi kitatangulia.

Kisha maandishi madogo. Lenzi inashuka.
Pedi za breki: la. Klachi: la. Waipa: la. Balbu: la.
Betri: miaka miwili, na uwe umeilea vyema.
Kutu: ndiyo,
ila iwe imetoboa bati kutoka ndani kuja nje.
Ikianzia nje ni yako wewe, na chumvi yako, na nchi yako.
"Kwani kutu hubisha hodi?" anauliza Endel.
Kaspar anaitazama tai yake.
Na sevisi kila mwaka, Tartu, kwa mafundi wao;
ukichelewa mwezi, saba inageuka sifuri.

Nami huulizwa, majumbani mwa watu,
nikishafunga kifuniko na kukunja kitambaa changu:
"Sasa hii itadumu mpaka lini, Leelo?"
Huwaambia: mpaka mtakapowasha jiko la kuni.
Mbao hunywa, mbao hukauka, nyuzi hulegea.
Hakuna aliyewahi kunidai karatasi.
Labda kwa kuwa wanajua nitapita tena majani yakipukutika,
na gari langu walilijua kwa mngurumo.

Auzaye ahadi huuza na mipaka yake.
Silichukii hilo.
Mpaka ulioandikwa una heri kuliko tabasamu.

Tunachukua la kijivu. Endel amepiga hesabu mara tatu:
safari nne za Tartu, siku nne za kazi zilizokwenda bure,
dhidi ya giaboksi moja tu ikifa mwaka wa nne.
Limeshinda, anasema, kwa upana wa kidole.

Naketi. Harufu ya plastiki mpya, usukani baridi.
Nabonyeza honi.
Noti mbili. Ya juu iko sawa. Ya chini imepwaya,
kidogo, unywele,
lakini miaka saba, au laki moja na nusu, nitakuwa naisikia.

"Na hii," nasema kupitia dirishani, "imo ndani ya dhamana?"

Kaspar anacheka.
Endel hacheki. Amerudi ukurasa wa kwanza, lenzi mkononi.